Sindano ya Botox ndani ya tumbo: jibu kwa mwalimu wa Kigoma

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, nina miaka 41 na watoto watatu. Uzito wangu kilo 98, urefu sentimita 162. Nimeshajaribu dayati mara kadhaa. Napungua, halafu kilo zinarudi zote na nyongeza juu. Sasa kuna wakala ametuwekea kwenye kundi la WhatsApp tangazo la Botox ya tumbo: unalala dakika 20, hupasuliwi, na ndani ya miezi sita unapungua mpaka kilo 20. Mwenzangu wa kazini alikwenda kufanyiwa Dar mwezi uliopita na ameshapungua kilo sita. Vikoba vyetu vinavunjwa mwezi ujao, kwa hiyo pesa nitakuwa nayo. Je, inafanya kazi? Ina madhara gani? Na kama si hiyo, nifanye nini? Natumia sindano ya uzazi wa mpango, na juzi duka la dawa walinipima presha wakaniambia ni 148 kwa 94."

Marahaba, mwalimu. Kwa kuwa vikoba vinavunjwa mwezi ujao na wakala hatachoka kukupigia, nakupa jibu kwanza: hiyo sindano usichome. Haijathibitishwa kwamba inapunguza uzito, na madhara yake, ingawa hayampati kila mtu, yakimpata mtu yanaweza kumlaza kwenye mashine ya kupumulia. Wewe ni mwalimu, hutaridhika na "usifanye" tupu, na una haki. Nitakueleza sababu, kisha tuje kwenye presha yako, ambayo kwangu mimi ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye barua yako.

Tuelewane kwanza tunaongelea sindano ipi, kwa sababu mtaani watu wanachanganya vitu vitatu na wauzaji wanafaidika na mkanganyiko huo. Ipo ya kuchoma chini ya ngozi ya tumbo mara moja kwa wiki, hizi dawa za semaglutaidi ambazo wengi wanazijua kwa jina la Ozempic. Hizo nitazigusa baadaye. Ipo inayotangazwa kwamba inayeyusha mafuta ya kitambi. Dawa ya namna hiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 ni ya kuondoa mafuta ya chini ya kidevu, si ya tumbo, kwa hiyo hiyo tuiache hapo hapo. Ya tatu ndiyo anayoiuza wakala wako, na hiyo haipiti kwenye ngozi kabisa. Unapewa dawa ya usingizi, unapitishiwa mdomoni mpira wenye kamera mpaka ndani ya mfuko wa chakula, halafu sindano nyembamba inapenyezwa ndani ya mpira huo na kuchoma ukuta wa mfuko kwa ndani, sehemu nyingi kwa kuzunguka.

Kinachochomwa ni sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Nikisema sumu sitii chumvi: ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mwaka 1895 kwenye kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji, wanamuziki waliokwenda kupiga kwenye maziko walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. Wengi wao walipata ugonjwa wa kulegea misuli na watatu wakafa, na ndipo Émile van Ermengem alipomgundua bakteria huyo kwenye masalia ya nyama. Ugonjwa wenyewe unaitwa botulizimu. Miongo kadhaa baadaye daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, aliona kwamba kiasi kidogo sana cha sumu hiyo kikichomwa kwenye msuli wa jicho kinanyoosha kengeza. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1989, na leo dawa hii inatumika kwa shingo zinazojikunja, mikono iliyokakamaa baada ya kiharusi, kipandauso sugu, kibofu kisichotulia, na ndiyo hiyo hiyo ya kunyoosha mikunjo ya uso. Mikononi mwa anayeijua, kwa kiasi sahihi na mahali sahihi, ni dawa nzuri sana na mimi naiheshimu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Neva ikitaka msuli ukaze, inatoa kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii inaingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayosaidia kemikali hiyo kutoka nje. Neva inaendelea kuamuru lakini amri haifiki, na msuli unabaki umelegea. Hali hiyo kwa kawaida hudumu miezi mitatu hadi sita, kisha ncha ya neva inajitengeneza upya.

Sasa, kwa nini mtu akafikiria kuichoma kwenye tumbo la mnene? Wazo halikuwa la kijinga. Sehemu ya chini ya mfuko wa chakula ni kinu kinachotwanga: inabana na kuachia kama mara tatu kwa dakika, ikiponda ugali na maharage mpaka viwe uji laini, ndipo vinaruhusiwa kupita kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo mdogo. Watafiti wakasema, tukiilegeza misuli ya hapo, chakula kitakaa muda mrefu zaidi, mtu atajisikia ameshiba, atakula kidogo, atapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kujaribu kwa panya, kisha kwa watu.

Hapa ndipo nataka ukae nami kwa makini, kwa sababu mawakala wote wanaishia kwenye hilo wazo na hawasemi kilichofuata.

Ili kujua kama dawa ya kupunguza uzito inafanya kazi, huwezi kuwachoma watu na kuwapima tu. Unawagawa kwa bahati nasibu; wengine wanachomwa dawa, wengine wanachomwa maji ya chumvi kwa kamera ile ile na sindano ile ile, na hakuna kati yao anayejua amepata nini. Majaribio ya namna hiyo yalifanyika katika nchi kadhaa, zikiwemo Mexico, Austria, Italia na Marekani, mengi yakiwa na watu wachache. Majibu yaligongana. Wapo waliopata upungufu kidogo wa uzito, na wapo ambao hawakuona tofauti yoyote kati ya sumu na maji ya chumvi. Jaribio ninalolipa uzito zaidi ni la Mayo Clinic, Marekani, lililochapishwa mwaka 2013. Watu 60 wanene waligawanywa makundi matatu: maji ya chumvi, yuniti 100, na yuniti 300. Walitumia hata mashine ya altrasaundi iliyo kwenye ncha ya kamera ili wahakikishe sindano imeingia kwenye msuli wenyewe. Waliopata yuniti 300, chakula kilichelewa kweli kutoka tumboni. Dawa ilifanya kazi yake kwenye msuli. Lakini walipopimwa uzito baada ya wiki 16, hakukuwa na tofauti ya maana kati yao na waliochomwa maji ya chumvi.

Tumbo lilichelewa, kilo zikabaki. Kwa nini? Kwa sababu kuchelewa kwa chakula tumboni ni sehemu ndogo tu ya shibe. Njaa na shibe vinaamuliwa ubongoni, na ubongo unasikiliza taarifa nyingi kwa pamoja: homoni ya njaa inayotoka sehemu ya juu ya tumbo, homoni za shibe zinazotoka kwenye utumbo chakula kikifika, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili yenyewe ikieleza akiba iliyopo, sukari ya damu, usingizi, hata msongo wa mawazo. Ukilegeza kinu peke yake, taarifa nyingine zote zinaendelea kama kawaida. Tena misuli ya tumbo ina neva zake na njia zake nyingi. Mwili hauna shida kuzoea.

Sasa mwenzako wa kazini. Usimwambie kwamba kilo sita zake ni za uongo, maana kilo zimepungua kweli. Ila muulize, kwa upendo, alipewa karatasi ya chakula ya namna gani siku anatoka. Kawaida wanaelekezwa siku za kwanza kunywa vimiminika tu, kisha vyakula laini, wasiguse sukari, soda wala vya kukaanga. Mtu yeyote mwenye kilo nyingi akiishi kwa supu na uji mwepesi, kisha akaacha chapati na soda, mwezi wa kwanza atapungua, na sehemu kubwa ya upungufu wa wiki za mwanzo ni maji ya mwilini. Ongeza hapo kwamba amelipa pesa nyingi na hataki iende bure, kwa hiyo anafuata masharti kuliko alivyowahi kuyafuata. Ndiyo maana kwenye majaribio ni lazima kuwe na kundi la maji ya chumvi. Mwezi wa kwanza hauwezi kukuonyesha kama sindano inafaa; mpime mwakani.

Twende kwenye madhara. Yale madogo yapo: kichefuchefu, kiungulia, tumbo kujaa, na hatari za kawaida za kamera na dawa ya usingizi. Hayo siyo yanayoninyima usingizi.

Kinachonitia hofu kilitokea Uturuki mwaka 2023. Uturuki watu wengi kutoka Ulaya huenda kufanyiwa matibabu ya urembo na uzito kwa bei nafuu, na sindano hii ya tumbo ilikuwa kwenye orodha. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi mwaka huo, watu waliochomwa Istanbul na Izmir walianza kuugua botulizimu. Kufikia katikati ya Machi, Kituo cha Ulaya cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilikuwa kimehesabu wagonjwa 67: Uturuki 53, Ujerumani 12, Austria mmoja na Uswisi mmoja. Wengine walilazwa wodi ya wagonjwa mahututi. Kilichonishtua zaidi ni kwamba uchunguzi wa mamlaka za Uturuki ulionyesha dawa iliyotumika ilikuwa imesajiliwa; tatizo ni kwamba haikuidhinishwa kwa kazi hiyo ya kupunguza uzito. Kwa hiyo hata ukiambiwa "dawa yetu ni orijino", hilo peke yake halikulindi.

Sababu ni ya kitaalamu lakini inaeleweka. Kichupa cha dawa hii kinakuja na unga ambao daktari anauchanganya na maji ya chumvi kabla ya kuchoma. Yuniti za kampuni moja si sawa na za kampuni nyingine: yuniti 100 za Botox hazilingani na yuniti 100 za Dysport, ambayo inahitaji kama mara mbili na nusu hadi tatu ya hesabu hiyo. Akikosea mtu hapo, amekosea kwenye sumu. Kisha kipimo cha tumbo ni kikubwa. Kwenye mikunjo ya katikati ya nyusi wanachoma yuniti 20, huku tumboni wanakwenda mamia, kwenye kiungo chenye damu nyingi ambamo sumu inaweza kusafiri. Na hapo bado hatujagusa za bandia. Mwaka 2024 Marekani kwenyewe, penye ukaguzi mkali, watu 22 kwenye majimbo 11 waliugua baada ya kuchomwa Botox za bandia au zilizochomwa na watu au mahali pasipostahili. Dawa hii inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8 tangu kiwandani, na wakala wa WhatsApp hawezi kukuhakikishia safari yake.

Sasa fikiria wewe umechomwa Dar asubuhi, umepumzika siku moja, umepanda treni ya reli ya kati kurudi Kigoma. Dalili za botulizimu huanza baada ya siku chache. Uko kwenye behewa, umepita Tabora, unaelekea Uvinza. Kope zinaanza kuwa nzito, unamwona abiria wa mbele wawili wawili, mate yanakukauka, maji yanakupalia ukinywa, sauti inatokea puani. Jirani anadhani ni uchovu wa safari. Kulegea kunashuka shingoni, mikononi, kisha kwenye misuli ya kupumua. Dawa ya kuikamata sumu inayozunguka kwenye damu ipo duniani, ila ni adimu hata kwenye nchi tajiri, na haiwezi kuondoa sumu iliyokwisha kuingia kwenye neva. Baada ya hapo tiba ni mashine ya kupumulia, kwa wiki nyingi. Mimi nimefanya kazi mikoa hii ya magharibi na ninajua kitanda chenye mashine hiyo kinavyotafutwa. Sitaki wewe ukitafute kwa ajili ya sindano ambayo maji ya chumvi yalitoka nayo sare.

Kuhusu kibali: si mamlaka ya dawa ya Marekani wala ya Ulaya iliyoidhinisha sumu hii kwa kupunguza uzito. Hapa kwetu, kabla hujampa mtu shilingi, una haki ya kuuliza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kama dawa anayokutajia imesajiliwa na imesajiliwa kwa ugonjwa gani. Ofisi yao ya kanda ya magharibi iko hapa Tabora na inahudumia pia Kigoma. Mwombe wakala jina kamili la dawa, jina la daktari atakayechoma na namba yake ya usajili. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Basi ufanye nini?

Kwanza presha. 148 kwa 94 ni ya juu, lakini kipimo kimoja cha dukani hakitoshi kukuita mgonjwa. Nenda kituo cha afya au hospitali ya mkoa pale Maweni, pumzika dakika tano umeketi, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa wala kupanda mlima, na uwaombe mkanda mkubwa wa mkono kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba isivyo kweli. Pima siku tatu tofauti. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, una presha na inatibika, kwa vidonge vya bei ndogo, hata kabla hujapungua kilo moja. Siku hiyo hiyo wapime sukari kabla hujala, na upime kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 88 hatari ya kisukari na moyo inakuwa kubwa. Waambie pia kama unakoroma na kuamka umechoka.

Uwiano wa uzito wako na urefu (BMI) unakuja 37. Unene unaanzia 30. Kwa hiyo hujidanganyi, ni ugonjwa na unastahili kutibiwa kama ugonjwa. Na kuhusu kilo kurudi kila ukiacha dayati, naomba uondoe aibu. Watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya watu waliopunguza uzito kwa wiki kumi za chakula kikali. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa. Mwili ulikuwa unawadai kilo zake. Ulichokutana nacho si uvivu. Ndiyo maana nitakushauri ushuke polepole kwa namna unayoweza kuishi nayo miaka.

Sindano ya uzazi wa mpango: ile ya miezi mitatu inawaongezea uzito baadhi ya wanawake, si wote. Angalia kadi yako ya kliniki. Kama kilo zilipanda baada ya kuianza, ongea na muuguzi kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni. Usiiache kabla hujapata njia nyingine, na usikimbilie vidonge vya homoni mbili, kwa sababu havimfai mwenye presha.

Chakula sasa. Kigoma mna bahati ya samaki ambayo mikoa mingi inaitamani, na mna mawese. Sikuambii uache mawese; yana vitamini A na ni chakula cha kwenu. Nakuambia uyapime. Simama jikoni jioni moja uangalie upawa unapozama kwenye chombo cha mawese na kumiminwa kwenye sufuria ya maharage. Upawa mmoja wa kawaida unabeba vijiko vya chakula vinne au vitano, na kila kijiko kina kama kalori 120. Hapo umeshamimina kama kalori 500 au zaidi, ambazo ni sawa na ugali wa gramu 150 za unga wa muhogo, na hakuna anayeziona mezani. Migebuka ikikaangwa kwenye mafuta mengi kisha ikaungwa tena, imehesabiwa mara mbili. Choma, au chemsha kwa nyanya na ndimu, kisha weka kijiko kimoja kwa kila mlaji. Badiliko hilo moja nimeliona likifanya kazi kuliko dayati zote za kwenye simu.

Ugali wa muhogo peke yake una protini kidogo sana, ndiyo maana unaula ukashiba sana saa saba na saa kumi njaa imerudi. Geuza sahani: mboga za majani nusu nzima, dagaa au migebuka robo, ugali robo. Anza kula samaki na mboga, ugali uufuate. Na chai ya ofisi ya walimu, vijiko vinne vya sukari mara vikombe vitatu, inakupa karibu kalori 190 kwa siku kabla hujagusa andazi. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi unazoea.

Kuhusu kutembea, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ninaoupenda kwa sababu uliwahusu watu zaidi ya 3,200 waliokuwa kwenye ukingo wa kisukari, na masharti yake yanawezekana Kigoma: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Waliofuata, kisukari kilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, vidonge vya kisukari, kilipungua kwa asilimia 31. Asilimia 7 yako ni kilo saba. Shuka bodaboda kabla ya kufika, tembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Ukifika kilo 91 presha na sukari zitakuwa zimeanza kukuitikia, hata kama gauni halijaonyesha tofauti kubwa.

Kama baada ya miezi sita ya kweli kilo hazijatikisika, zipo tiba zenye ushahidi, na kwa uzito wako una haki ya kuzizungumzia. Semaglutaidi ya kila wiki, kwenye utafiti wa mwaka 2021, iliwapunguza watu wastani wa karibu asilimia 15 ndani ya wiki 68, dhidi ya asilimia 2.4 kwa waliochomwa isiyo na dawa. Nayo huchelewesha tumbo kidogo, lakini nguvu yake kubwa iko ubongoni, na hapo ndipo Botox isipofika. Shida zake ni bei, friji, na kwamba ukiacha, sehemu kubwa ya kilo inarudi. Za bandia zimejaa: Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari Juni 2024. Usinunue kwa mtu. Muhimbili-Mloganzila wanaweka puto ndani ya mfuko wa chakula kwa kamera, bila kupasua. Linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa, na linasaidia kwa kiasi, mradi ulaji ubadilike wakati liko ndani. Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ndio wenye matokeo makubwa na ya kudumu, kwa kawaida robo ya uzito au zaidi, na vigezo vya sasa vinamruhusu mtu mwenye uwiano wa 35 na kuendelea. Ni uamuzi mzito, una hatari zake, unahitaji vitamini na kliniki maisha yote. Lakini kama siku moja utatumia pesa ya vikoba kwenye uzito wako, afadhali iwe nauli na gharama za kumwona daktari wa namna hiyo, uso kwa uso, kwenye hospitali yenye jina na mlango.

Mwisho, kwa kuwa tangazo liko kwenye kundi, wapo wenzako ambao watakwenda licha ya haya yote, na mwenzako wa kazini huenda ataambiwa arudie baada ya miezi sita. Mwambie asirudie. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wowote wa misuli au neva asikaribie kabisa. Na yeyote aliyechomwa, akiona kope zinashuka, anaona vitu viwili viwili, anashindwa kumeza, sauti imebadilika au shingo haibebi kichwa, aende hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri asubuhi, na atamke mwenyewe kwamba alichomwa Botox tumboni na tarehe gani, maana daktari wa zamu hawezi kuikisia. Awaombe wasimpe gentamaisini wala magneziamu bila kufikiria, kwa sababu dawa hizo mbili, ambazo ziko kila wodi, zinazidisha kulegea kwa misuli kwa mtu mwenye sumu hii mwilini.